Maji ya Bahari Sebuleni Kasulu

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu huanza zikiwa kubwa upande wa kushoto, zikifika upande wa kulia zimekonda. Mahali nilipokosea herufi, someni kwa sauti, mtaelewa nilichotaka kusema. Niliishia darasa la saba kule Rungwe Mpya, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache kuliko kijiko cha kulishia kamba wa baharini.

Wanaonisikia nikisema nimestaafu hucheka, kwa kuwa hata mvi moja sina. Lakini kazi imekwisha kwangu, nanyi ndio mlioipokea: wewe Anjela uliye sebuleni, na wewe Tausi uliye na tangi jipya la dukani. Mshahara sitauandika, mnaujua. Vyeo havikuwepo. Nitaandika yale ambayo hakuna aliyenieleza siku ya kwanza.

Nilianza mwaka 2012. Mama Zaina alikuwa anatafuta msichana wa kazi, na shangazi yangu akanipeleka. Nilikuwa mwoga wa watu. Nikiulizwa jina, nilijibu nikiwa naangalia vidole vya miguu. Nilitegemea kuambiwa habari za kuni, vyombo na kufagia uwanja. Badala yake Mama Zaina alinishika mkono akaunusa.

"Umejipaka nini?"

"Mafuta."

"Mkono wa kulia usijipake tena. Wa kushoto fanya upendavyo."

Ndivyo nilivyoishi miaka yote hiyo. Kipindi cha baridi mkono mmoja ulikuwa wa mjini, unang'aa, na mwingine wa shambani, umepasuka. Mkiona watu wanawatazama mikono, msijali. Mafuta, sabuni na dawa ya mbu ya kupuliza ni vitu vitatu ambavyo kamba hawasamehi.

Kisha akanipeleka sebuleni. Tangi mnalijua, refu kama benchi la shule. Ndani kulikuwa na mawe yenye matundu, mchanga mweupe, na viumbe vyekundu vyenye mstari mweupe mgongoni na ndevu nyeupe ndefu kuliko mwili. Nilirudi nyuma. Nilidhani ni nge wa majini.

"Anakimbia!" Sauti ilitoka kwenye kiti cha pembeni. "Muha anakimbia uduvi!"

Huyo ndiye Bibi Mwanaisha, mama mzazi wa Baba Zaina. Mlimkuta ameshazoea Kasulu. Mimi nilimkuta amekuja juzijuzi kutoka Pangani, amejifunika khanga mbili na blanketi, analalamika kwamba huku kwetu hata jua lina baridi. Maisha yake yote alikuwa akiuza uduvi sokoni, wale kamba wadogo wakavu.

"Miaka yote nimewaanika juani," aliniambia siku ile, "leo wameniajiria mtu wa kuwapepea. Njoo. Tia mkono, hawang'ati."

Nilitia ule mkono mkavu. Kamba mmoja alitoka chini ya jiwe, akapanda kidoleni, akaanza kunidonoa kwenye kucha, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Kule baharini kazi yao ni hiyo, kuwasafisha samaki. Nilicheka, na Bibi akaniuliza jina, na nikalitaja bila kuangalia chini. "Skolastika," nikasema. Akasema hilo ni refu mno kwa mtu mfupi, ataniita kwa kabila langu, Muha.

Jikoni Mama Zaina alinieleza lililobaki. Bibi alikuwa anaishi peke yake Pangani. Aliteleza uani akalala pale hadi majirani walipomsikia. Ndipo mwanawe akamchukua kwa nguvu akamleta Kasulu. Bibi akasusa, hali, hasemi. Baba Zaina akaona amletee kitu cha kwao, akaagiza tangi na kamba. Bibi akakubali kukaa, lakini mbele ya watu akatoa neno lake: nitakaa maadamu hawa kamba wapo. Siku wakiisha, narudi kwangu.

"Na kule hana mtu," Mama Zaina alisema. "Kwa hiyo unapowatazama wale, ujue unamtazama nani."

Wiki ile ya kwanza nilikuwa naamka asubuhi nikakimbilia tangi kabla ya kunawa uso. Kuwahesabu ni shida, wanajificha. Mara moja nilimkuta mmoja amelala chini, mweupe, haendi. Nililia mpaka Bibi akaja. Akanionyesha jinsi alivyo mtupu ndani: kamba alikuwa amevua gamba lake na mwenyewe yuko nyuma ya jiwe, laini, ana aibu. "Mwache," Bibi alisema. "Hata wewe ukioga hutaki mtu." Basi Anjela, gamba usilitupe. Watalila wenyewe. Na siku hiyo usiwasumbue.

Somo nililochelewa kulielewa ni la maji kupungua. Kila siku tangi linashuka kidogo. Nilidhani nijazie maji ya bahari kutoka kwenye madumu. Bibi alinizuia kwa fimbo yake.

"Ukianika uduvi, kinachopaa ni nini?"

"Maji."

"Na chumvi?"

"Inabaki."

"Sasa unataka kuwaongezea nini?"

Kwa hiyo kinachopungua hujazwa kwa maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye pipa la plastiki baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza. Maji ya bahari ni kwa ajili ya kubadilisha tu. Na dumu lolote mlilopewa na mtu, ulizeni kwanza lilibeba nini. Upande wa Manyovu watu wana kahawa, na madumu mengi yamewahi kubeba mrututu, ile dawa ya bluu ya kupulizia mikahawa. Ukilisuuza mpaka uchoke, kamba bado watajua.

Kipimo cha chumvi tulichokuwa nacho kilivunjika mwaka ule ule. Ninachowaachia ni mrija wa kalamu uliozibwa kwa nta, una msumari mdogo ndani. Siku maji mapya ya bahari yalipofika tuliuacha uelee humo, nikaweka alama ya wembe pale ulipozama. Alama ikizama, maji yamekuwa mepesi. Ikipanda juu, yamekuwa mazito. Bibi alisema huo ndio uganga wa Waha wenyewe. Nilifurahi.

Mwaka 2013 ndio ulikuwa mgumu. Maji ya bahari yalikuwa yakiletwa na Deus, dereva wa lori la mzigo wa Baba Zaina. Deus alikuwa na maneno. "Nimebeba saruji, nimebeba vitanda, nimebeba hata mbuzi wa mahari," alikuwa anasema akishusha madumu. "Maji ya bahari kupeleka Kasulu? Watu wa mizani waliniuliza kama nina wazazi." Masika ile gari lake lilizama kwenye tope huko mbele ya Kibondo, likakaa. Madumu yetu yakaisha, na tangi likaanza kunuka kidogo, ile harufu ya kwamba linataka kubadilishiwa maji.

Hapo kila mtu akawa mtaalamu. Jirani alisema, fundi wa redio alisema, na mimi moyoni nilisema vilevile: chumvi si ipo? Uvinza ni hapo tu. Mkoa wetu wote unakula chumvi ya Uvinza, na ni chumvi nzuri, nyeupe. Baba Zaina akaleta mfuko. Tukakoroga kwenye maji ya mvua, mrija wa kalamu ukasimama pale pale kwenye alama. Nilijivuna kabisa. Niliona kwamba sasa hata bahari tunaitengeneza wenyewe hapa kwetu.

Siku chache baadaye kamba walianza kusimama juu ya mawe bila kufanya kitu. Ndevu zilikuwa zimelala. Mmoja alitaka kuvua gamba, likamkwama nusu, akafa akiwa hivyo. Akafuata mwingine.

Bibi aliniambia nimchotee maji ya tangi kwenye kikombe. Akachovya kidole, akalamba. Kisha akaomba dumu la zamani lililobaki na matone chini, akalamba pia.

"Hamadi!" alimwita mwanawe. Alipokuwa na hasira hakumwita Baba Zaina. "Lamba hii. Sasa lamba hii."

Baba Zaina akalamba. "Zote chumvi, mama."

"Umekulia wapi wewe? Hii ni chumvi tu, ya kutia kwenye maharage. Ile ya bahari ina uchungu nyuma, inabaki kwenye ulimi. Huo uchungu ndio wanaojengea gamba. Umewapa mboga bila ugali."

Nami nililamba. Ni kweli. Ya bahari ina uchungu unaokuja baadaye. Nawaambia mjaribu wenyewe, kwa tone tu, kabla hamjamwamini mtu yeyote kuhusu maji. Chumvi ya Uvinza iacheni jikoni, huko haina mpinzani.

Hatukuwa na la kufanya ila kusubiri lori. Nilipunguza chakula, nikaacha kubadilisha maji, nikawa naondoa uchafu kwa mrija. Bibi alikaa mbele ya kioo bila utani. Siku moja aliniambia, bila kugeuka, "Muha, unajua begi langu liko wapi?" Nikasema sijui. Nilikuwa najua. Lilikuwa chini ya kitanda chake, nami ndiye niliyefagia kulizunguka.

Deus alipofika, hata honi hakupiga, maana alijua. Alishusha madumu mbio, tope limemfika kiunoni. Walibaki kamba wawili. Bibi aliwatazama wakila tena, akasema neno lake halikuwa limetaja idadi. Wawili bado ni kamba.

Baada ya hapo tuliagiza maji mapema, kabla ya masika. Na tukaanza vita na umeme. Mnajua umeme wa Kasulu siku zile ulivyokuwa, mashine ya kufua umeme inaweza kuzima wakati wowote. Pampu ya hewa ikinyamaza, kamba wanapanda juu kutafuta pumzi. Bibi alikuwa ananitania: "Nyie Waha mnasifika kwa uchawi nchi nzima. Uiteni basi hiyo mashine iwake." Tulichopata ni tyubu ya gurudumu la lori, Deus alitupa. Niliijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, tukaunganisha mrija wa dripu kwenye valvu, na kwenye mrija kile kigurudumu cha kubania. Ukikilegeza kidogo, upepo unatoka kidogo kidogo, mapovu yanakwenda muda mrefu kabisa. Bibi alisema kamba wake wamelazwa wodini.

Kuhusu baridi, Juni na Julai fungeni tangi kwa blanketi, mtie ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri, zielee. Blanketi alilotoa Bibi lilikuwa lake mwenyewe. Kisha akanigombeza siku nzima kwamba nyumba hii inawapenda wadudu kuliko wazee.

Watu walikuwa wanakuja kutazama. Mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa analeta vitenge kwa Mama Zaina, alisimama mbele ya kioo akapiga makofi. "Kosakosa! Weye, munafuga kosakosa mu kioo? Sie kwetu tunakulaka hii na pilipili!" Bibi akamwambia hata yeye ameila miaka yote, ila hawa wawili ni wapangaji. Wakacheka mpaka chai ikapoa. Kuanzia siku ile Bibi alianza kutoka kibarazani. Alijifunza kusema "mwakeye" kwa wapita njia asubuhi, kwa lafudhi ya Pangani, na watu walikuwa wanapita makusudi ili awasalimie.

Wale wawili walikaa vizuri mwaka 2014 wote. Wote wawili walibeba mayai ya kijani tumboni, kwa zamu, maana kamba hawa hakuna dume wala jike, kila mmoja ni vyote. "Nyumba yenye amani," Bibi alisema. "Hakuna wa kusema mimi ndiye baba." Vitoto vilitoka vidogo kama vumbi, havikupona. Msijilaumu vikiwafia. Vinahitaji bahari nzima.

Mwaka 2015 wakazeeka. Ndevu zilikatika, gamba jipya lilichelewa, chakula walikiachia njiani. Mmoja alikufa, na baada ya muda yule wa pili. Maji yalikuwa mazuri, alama ilikuwa mahali pake, hewa ilikuwepo. Nilikagua kila kitu mara mbili, nikitamani nipate kosa ili kuwe na dawa. Bibi aliomba nimwekee yule wa mwisho kiganjani.

"Umri wake tu," alisema. "Hukukosea, Muha."

Kisha akasema nimtolee begi.

Hakuna aliyeweza kumzuia. Baba Zaina alibembeleza, Mama Zaina alilia, Zaina mwenyewe alificha begi akalitoa. Bibi alisema alitoa neno mbele ya watu wazima na hajaanza kulivunja leo. Aliondoka na mwanawe kwa basi. Mlangoni alinishika ule mkono wa kulia, akaupapasa ulivyopasuka.

Baba Zaina alirudi peke yake. Amemwacha kwa mtoto wa dada yake Bibi, alisema, lakini mtoto huyo ni mtu wa safari, leo yupo kesho hayupo. Alikuwa amechoka. Alitazama tangi, akasema, "Skola, toa hayo maji. Kioo kiende dukani kwangu, nitapangia simu za kuuza."

Tangu nianze kazi sikuwa nimewahi kumkatalia mtu. Nilisimama na ndoo.

"Bibi hakusema maji yatolewe."

"Nini?"

"Alisema begi. Hakusema maji."

"Kuna kamba humo?"

"Hakuna."

"Sasa unafuga nini?"

"Maji, Baba Zaina. Yana uhai kwenye yale mawe, ndio unaoyaweka safi. Nikizima pampu leo, mawe yanakufa, yananuka. Akirudi na kamba, kuyarudisha hivi ni miezi."

"Nani amekwambia anarudi?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Lakini ndoo sikuijaza. Aliniangalia, akasema mpaka Idi ipite, baada ya hapo kioo ni cha dukani.

Kwa hiyo nilifuga maji. Niliyalisha unga wa dagaa, kiasi cha ncha ya kucha, ili uhai ule wa mawe usife njaa. Niliyajazia maji ya mvua. Nilipima kwa mrija wa kalamu. Umeme ulipokatika nilikimbilia tyubu. Majirani walijua, wakapata la kusema. Nikipita dukani: "Skola, maji yameshashiba?" "Skola, maji yako yameota ndevu?" Deus alileta madumu akauliza ni ya nini, nikamwambia, akatikisa kichwa akayashusha. Alisema amekwisha kuzoea. Mwaka ule magari mengi yalikuwa yamechukuliwa kupeleka wageni na mahema Nyarugusu, naye bado alinitafutia nafasi ya madumu.

Siku ya Idi Bibi alipiga simu. Simu ilizunguka nyumba nzima, kila mtu na salamu zake, wote wakisema tumekukumbuka, yeye akijibu mimi sijambo, huku kuna joto zuri. Nilikuwa jikoni nikiomba isinifikie. Kwenye simu mimi huwa nakosa maneno kabisa. Lakini Zaina alikuja nayo: "Anasema apewe Muha wake."

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Kioo changu wamekifanya kabati la nini?"

"Kina maji, Bibi."

"Maji gani?"

"Yale yale."

Nikadhani simu imekatika. Sikujua niseme nini tena, kwa hiyo nilikwenda sebuleni nikaishikilia simu juu ya tangi, pale mapovu yanapopasukia. Nilihesabu moyoni mpaka nikaona inatosha, nikairudisha sikioni.

"Umesikia, Bibi?"

"Hiyo pampu inakoroma. Umeisafisha lini?"

"Juzi."

"Isafishe tena. Halafu mwambie Hamadi aje anichukue. Na aje na ndoo yenye mfuniko."

Mengine mnayajua, maana ndiyo mliyoyakuta. Baba Zaina alirudi naye, ndoo ya kamba wapya iko katikati ya miguu yake njia nzima, na kila basi liliposimama alikuwa anafunua anakoroga kwa kikombe kuwapa hewa. Tuliwaingiza kwa mrija wa dripu, tone kwa tone, tangu asubuhi hadi mchana, ili miili yao izoee maji yetu. Wakatoka ndooni wakapotea nyuma ya mawe kana kwamba walizaliwa humo. Bibi alikaa kwenye kiti chake. Neno jipya hakutoa, na hakuna aliyemwomba. Begi alinipa nilifue.

Walikuwa wengi kuliko tangi moja. Ndipo Baba Zaina akaagiza lile la dukani, Tausi, na simu zikapangwa kwenye mbao.

Mimi sasa niko Kibondo, katika saluni ya dada yangu, najifunza kusuka na kuosha nywele. Kutwa nzima mikono yote miwili iko kwenye mafuta na shampuu, hata nikija kuwatembelea sitakaribia tangi. Ndiyo maana nikasema nimestaafu.

Ninawaomba mniandikie. Herufi mbaya si neno, mmeona za kwangu. Anjela, niambie kama yule mdogo mwenye ndevu moja amevua gamba salama. Tausi, niambie kama wateja bado wanagonga kioo. Na mmoja wenu amuulize Bibi anataka nimwambie nini Deus kuhusu maji ya mwakani, maana lori hupita hapa Kibondo, na kila likipita ananiuliza kama aweke nafasi ya madumu.